Mchagua Jembe Ndiye Mkulima: Maoni kuhusu Uteuzi wa Teknolojia ya Kuundia Programu za Simu za Mguso

Utangulizi

Kwa zaidi ya miongo miwili, mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika vyuo vyetu umekuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa istilahi. Tumebishana iwapo mashine iliyo mezani ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi; iwapo simu ya mkononi ni rununu, selula au simu tamba; na iwapo kile kifaa bapa anachokigusa mtoto kwa kidole kinastahili kuitwa kishikwambi au tableti. Mjadala huo si wa kubezwa. Lugha isiyo na majina ya vitu vya wakati wake huishia kuwa lugha ya makumbusho. Hata hivyo, tulipokuwa tukibishana kuhusu jina la jembe, wengine walikuwa wakiamua lifuliwe vipi, liuzwe kwa nani na lilime shamba lipi.

Makala haya yananuia kuusogeza mjadala huo hatua moja mbele. Swali letu ni hili: mtu anayetaka kuunda programu tumizi ya Kiswahili, iwe kamusi, mkusanyiko wa methali, mazoezi ya sarufi au hifadhi ya fasihi simulizi, ateue teknolojia ipi ili programu hiyo itumike kwenye simu ya mguso, na auteue uamuzi huo kwa vigezo gani? Tunashikilia kwamba jibu la swali hili haliwezi kuachiwa wataalamu wa tarakilishi peke yao. Ni uamuzi wa kiisimu na wa kijamii kadiri ulivyo wa kifundi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na walisema kweli katika shamba ambamo majembe yote yalifanana. Katika shamba hili, asiyechagua jembe huchaguliwa, na aghalabu huchaguliwa lisilomfaa.

Funzo la Windows 8

Historia ya karibuni ina kisa kimoja kinachofaa kuzingatiwa. Mnamo Septemba 2011, katika kongamano lililofanyika Anaheim, California, kampuni ya Microsoft iliwaonyesha waundaji wa programu mfumo endeshi wa Windows 8, ambao ulikusudiwa kidole kwanza, kipanya kikifuata nyuma. Mfumo huo ulitolewa kwa umma tarehe 26 Oktoba 2012. Mahali pa kibonye cha kuanzia kilichozoeleka, mtumiaji alikuta uwanja wa vigae vya rangi vilivyotakiwa kuguswa na kusukumwa. Waundaji wa programu waliwekewa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa HTML pamoja na JavaScript, yaani lugha za wavuti. Ya pili ilikuwa C# au Visual Basic, pamoja na XAML, lugha ya kupangia sura ya programu. Ya tatu ilikuwa C++, ambayo ingeweza kutumia XAML hiyohiyo au, kwa michezo, DirectX. Njia zote tatu zilikutana kwenye msingi mmoja ulioitwa WinRT. Kinadharia, basi, kila fundi angeendelea na lugha aliyoijua.

Kimatendo mambo hayakuwa mepesi hivyo. Miezi michache kabla ya kongamano hilo, mnamo Juni 2011, Microsoft ilikuwa imetangaza HTML na JavaScript kuwa njia ya programu hizo mpya, bila kuitaja Silverlight, teknolojia yake yenyewe iliyotolewa mwaka 2007 na ambayo mwaka 2010 ilifanywa msingi wa programu za Windows Phone 7. Mafundi waliokuwa wamewekeza miaka yao katika Silverlight walilalama, na hawakulalama bure. Silverlight 5 iliyotoka Desemba 2011 ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na msaada wake ukakomeshwa Oktoba 2021. Simu za Windows Phone 7 nazo hazikuweza kupandishwa hadi Windows Phone 8 ya mwaka 2012. Windows 10 iliyotoka Julai 2015 ilikuja na utaratibu mwingine wa kuundia programu, na kufikia Januari 2020, Windows 10 Mobile, mrithi wa mwisho wa simu hizo, ilikuwa imeachwa bila msaada wowote.

Kisa hiki hakikuishia ng'ambo. Februari 2013 Microsoft ilizindua mpango wake wa 4Afrika, na pamoja nao simu ya Huawei 4Afrika iliyotumia Windows Phone 8. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 za mwanzo zilizolengwa. Aliyeamua wakati ule kuunda kamusi ya Kiswahili kwa ajili ya simu hiyo hakuwa mpumbavu: alikuwa na kampuni tajiri nyuma yake, zana nzuri mkononi na ahadi iliyotangazwa hadharani. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Msala ule ulipita, na kila kilichoandikiwa msala ule pekee kikapita nao.

Tunajifunza nini? Kwanza, ukubwa wa kampuni si dhamana ya uhai wa teknolojia yake. Pili, hatima ya teknolojia haiamuliwi na ubora wa zana peke yake. Huamuliwa na simu ambazo watu hununua. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, si kila kitu kilikufa. Lugha ya C# ingali hai na inatumika kwingi. HTML na JavaScript zimezidi kushamiri. Kilichokufa ni bahasha; barua iliyoandikwa kwa hati inayosomeka kwingine ingeweza kuhamishwa. Mwenye kutenganisha barua na bahasha tangu mwanzo hakupoteza yote.

Njia Tatu Zilizo Mbele Yetu

Leo hii soko la simu za mguso limebaki na mifumo endeshi miwili mikuu: Android ya Google na iOS ya Apple. Katika nchi yetu, simu nyingi za mguso ni za Android, kwa sababu mfumo huo hupatikana kwenye simu za bei ya chini. Anayetaka kuunda programu ana njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni ya asili, yaani kutumia lugha na zana zilizoidhinishwa na mwenye mfumo. Kwa Android, lugha hiyo ilikuwa Java tangu simu ya kwanza ilipouzwa mwaka 2008. Mwaka 2017 Google iliikubali rasmi lugha ya Kotlin, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba Kotlin ndiyo itakayotangulizwa. Kwa iPhone, Objective-C ilipewa mwenzake Swift mwaka 2014. Programu ya asili huwa nyepesi, huitikia mguso upesi, na huweza kutumia maikrofoni, kamera na hifadhi ya simu bila mizunguko. Gharama yake ni kwamba kazi hufanywa mara mbili kwa anayetaka mifumo yote miwili, na anayeundia iPhone huhitaji tarakilishi ya Apple yenyewe. Kuna pia ada: Google hutoza dola 25 mara moja, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Kwa chama cha wanafunzi, tofauti kati ya ada ya mara moja na ada ya kila mwaka si tofauti ndogo.

Njia ya pili ni ya mahuluti: msimbo mmoja hutumika kuzalisha programu za mifumo yote miwili. React Native ya Facebook ilitolewa mwaka 2015. Flutter ya Google, inayotumia lugha ya Dart, ilifikia toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018. Njia hii huvutia kwa sababu huahidi kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Lakini huongeza tabaka kati ya programu na mfumo endeshi, huongeza uzito wa programu, na humfunga mtumiaji wake kwa mwenye zana. Xamarin, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2016 na kusifiwa sana, iliondolewa msaada Mei 2024. PhoneGap, iliyochukuliwa na Adobe mwaka 2011, ilifungwa mwaka 2020. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Njia ya tatu ni ya wavuti: programu hufunguliwa katika kivinjari, bila kupitia duka la mtu. Si njia ngeni. Simu ya iPhone ilipoanza mwaka 2007, Steve Jobs aliwashauri waundaji wa programu watumie wavuti. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008 tu. Kwa miaka mingi udhaifu mkubwa wa wavuti ulikuwa kwamba ilihitaji intaneti kila wakati. Udhaifu huo umepungua. Tangu mwaka 2015 kivinjari cha Chrome, na tangu 2018 kile cha Safari, huruhusu ukurasa ujihifadhi kwenye simu na kufunguka hata pasipo mtandao. Bado kuna mipaka. Kivinjari kinaweza kufuta kilichohifadhiwa, na tangu mwaka 2020 Safari hufuta data ya tovuti isiyotembelewa kwa siku 7 za matumizi, isipokuwa mtumiaji awe ameiweka kwenye skrini yake ya mwanzo. Hata hivyo, hati ya HTML iliyoandikwa vizuri miaka 20 iliyopita ingali inasomeka leo. Sijui ni programu ngapi za simu za wakati ule zinazoweza kujisifu hivyo.

Sarufi kama Kigezo

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapostahili kusikilizwa. Vitabu vya kufundishia uundaji wa programu vimeandikwa, kwa wingi wao, na watu waliofikiria lugha yenye maumbo machache ya maneno. Kiswahili hakiko hivyo, na mguso hulifanya jambo hili liwe la dharura. Kwenye skrini ya mguso, msomaji hutarajia kuligusa neno lolote katika hadithi na kupewa maana yake papo hapo. Tuchukue neno hatutawasomesha. Programu isiyojua mofolojia italitafuta kwa herufi za mwanzo na kumletea msomaji hatari, hati na hatua. Programu inayoijua itavua viambishi kimoja baada ya kingine: ha ya ukanushi, tu ya nafsi, ta ya wakati ujao, wa ya mtendwa; itauona mzizi som, iitambue kauli ya kusababisha, na mwishowe imwelekeze msomaji kwenye soma na somesha. Kazi hii si ndoto. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amekuwa akiunda vichanganuzi vya mofolojia ya Kiswahili tangu miaka ya 1980, zama ambazo hakuna aliyekuwa akigusa skrini ya simu. Kanuni za uambishaji ni mali ya lugha, si mali ya mashine. Kwa hivyo swali la kumwuliza fundi anayetusifia teknolojia fulani ni hili: je, kanuni zetu zitaandikwa mahali ambapo zinaweza kuhamishwa, au zitazikwa ndani ya msimbo wako?

Kigezo cha pili ni upatanisho wa kisarufi. Katika lugha ya Kiingereza, fundi huandika sentensi moja yenye pengo na kulijaza kwa jina lolote: kitu fulani kimefutwa. Kwetu pengo hilo ni mtego. Kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa, ujumbe umefutwa, picha zimefutwa, jina limefutwa. Mfasiri anayepewa sentensi yenye pengo bila kuambiwa ni jina la ngeli gani litakalotiwa humo hana budi kubahatisha, na ndiyo maana simu nyingi huzungumza Kiswahili cha mtu aliyekisoma kwa haraka. Zana nyingi za kisasa hutambua umoja na wingi, lakini umoja na wingi ni nusu tu ya ngeli. Ziko pia njia za kuandika ujumbe wenye matawi, ambapo programu huchagua sentensi kamili kulingana na aina ya kitu. Teknolojia yoyote itakayoteuliwa lazima iruhusu jambo hili, na fundi lazima ashurutishwe kulitumia. Asipoambiwa na mwanaisimu, nani atamwambia?

Kigezo cha tatu kinaonekana kidogo lakini kinakera. Maneno kama ng'ombe, ng'ara na ng'ambo huandikwa kwa ritifaa. Tarakilishi hujua ritifaa za aina zaidi ya moja: ile iliyosimama wima, na ile iliyopinda. Tangu mwaka 2017, simu za iPhone huigeuza ya wima kuwa iliyopinda zenyewe mtumiaji anapoandika. Iwapo kamusi imehifadhi ng'ombe kwa ritifaa ya wima, na msomaji ameandika kwa iliyopinda, kamusi itajibu kwamba neno hilo halipo. Mwanafunzi atadhani amekosea tahajia, ilhali ni mashine iliyokosa. Tiba yake ni mistari michache ya msimbo inayozisawazisha alama hizo kabla ya kutafuta. Asiyekijua Kiswahili hawezi kuota kwamba tatizo lenyewe lipo.

Kigezo cha nne ni nafasi. Maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha neno la herufi nne la Kiingereza kitalikata hifadhi au mipangilio katikati. Google hupendekeza kwamba eneo la kuguswa lisipungue takriban milimita 9 kila upande, kwa sababu kidole si ncha ya kalamu. Anayepanga vitufe vya Kiswahili ana mambo mawili ya kutimiza kwa pamoja: neno lisomeke lote, na kidole kisiguse jirani. Teknolojia inayopanga sura kwa vipimo visivyobadilika haitufai. Tunahitaji ile inayoacha kitufe kipanuke kadiri ya neno. Na wale watakaotaka kuwasilisha tenzi za kale kwa hati za Kiarabu wakumbuke kwamba uandishi wa kutoka kulia kwenda kushoto ulipata msaada kamili wa mpangilio kwenye Android mwaka 2012 tu, na kwamba zana za mahuluti hazilingani katika jambo hili.

Mfuko wa Mtumiaji

Baada ya lugha huja mwenye lugha. Mwezi Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Haikuwasubiri Wakenya wanunue simu za kisasa. Iliwekwa katika menyu ya kadi ya simu, ikafanya kazi kwenye simu ya vibonye ambayo mama mboga alikuwa nayo tayari. Programu yake kubwa ya simu za mguso ilikuja mwaka 2021, zaidi ya miaka 10 baadaye. Waliochagua teknolojia ile ya awali hawakuchagua iliyopendeza macho. Walichagua iliyowafikia watu. Huu ndio mfano bora wa uteuzi wa teknolojia ambao nchi hii imewahi kuupa ulimwengu, na ni ajabu kwamba tunapounda programu za Kiswahili tunausahau.

Msomaji wetu ni nani? Ni mwanafunzi wa shule ya kutwa anayeazima simu ya mzazi wake jioni. Ni mwalimu ambaye hifadhi ya simu yake imejaa picha za wajukuu, na ambaye kila programu mpya humlazimu afute kitu. Ni mtu anayenunua bando la siku, si la mwezi. Google yenyewe ilitambua hali hii ilipotoa Android Go mwaka 2017 kwa simu zenye kumbukumbu isiyozidi gigabaiti 1. Kamusi inayohitaji mtandao kila inapofunguliwa, au inayodai sasisho zito kila mwezi, humtoza msomaji huyu ushuru kwa kuitumia lugha yake. Kwa hivyo kabla ya kuuliza teknolojia ipi ni ya kisasa zaidi, tuulize: itakuwa na uzito gani, itafunguka bila mtandao, na itakubali simu ya miaka sita iliyopita?

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba haya si ya mwanafunzi wa Kiswahili. Kazi yake ni fasihi na isimu, msimbo tuwaachie wenyewe. Pingamizi hili lina chembe ya ukweli. Hatudai kwamba kila mwanafunzi awe fundi. Mtu haachi kuwa na kauli kuhusu nyumba yake kwa kuwa hajui kuchanganya saruji. Na anayetaka kujaribu hana tena kisingizio kikubwa: zana ya App Inventor, iliyoanzishwa na Google mwaka 2010 na kulelewa na chuo cha MIT cha Marekani tangu 2012, humwezesha mtu kuunda programu ya Android kwa kupanga vipande vya rangi, bila kuandika mstari wa msimbo.

Wengine watasema kwamba mashine za akili unde sasa zinaandika msimbo wa lugha yoyote, kwa hivyo uteuzi wa teknolojia hauna uzito tena. Tunaona kinyume chake. Kuandika programu hakujawahi kuwa ndiyo kazi ngumu zaidi. Kuitunza ndiko kugumu. Google hudai programu zilizo katika duka lake ziendane na matoleo mapya ya Android, na zisizosasishwa hufichwa kwa wenye simu mpya. Mwaka 2017 Apple iliacha kabisa kuziendesha programu za zamani za biti 32. Programu ni kama shamba: ukipanda na kuondoka, magugu hayahitaji mwaliko. Mashine inaweza kutupandia upesi, lakini bado patahitajika mtu wa kupalilia mwaka ujao na ule utakaofuata.

Hapa pana suala linalotugusa sisi wenyewe. Viongozi wa vyama vya wanafunzi hubadilika kila mwaka, na wanachama huhitimu. Programu iliyoundwa na mwanafunzi mmoja hodari, kwa teknolojia anayoijua yeye pekee, chini ya akaunti yenye nywila yake, ina umri sawa na shahada yake. Akivaa joho, imekwisha. Methali zilizokusanywa vijijini, sauti za wazee waliosimulia ngano, orodha za msamiati wa lahaja ambazo wasemaji wake wanapungua, vyote hubaki ndani ya kifaa kisichofunguka. Mzee aliyerekodiwa hatarudi kurekodiwa tena. Hii ndiyo hasara ambayo uteuzi mbaya wa teknolojia huweza kuleta, na haipimwi kwa shilingi.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, maudhui yatangulie programu. Maneno, maana, mifano na rekodi vihifadhiwe katika faili za kawaida zinazoweza kusomwa na mashine yoyote, kwa mfumo wa herufi wa Unicode, pamoja na maelezo ya namna vilivyopangwa. Nakala iwekwe katika maktaba ya chuo. Programu ije baadaye kama dirisha la kuyatazama hayo. Dirisha likivunjika, nyumba ibaki. Na kwa kuwa kamusi zilizochapishwa zina wenyewe, tukusanye yetu au tuombe idhini, tusinakili.

Pili, tuanze na wavuti inayofunguka bila mtandao. Ndiyo njia yenye ada ndogo, isiyohitaji idhini ya duka, na inayofikia Android na iPhone kwa pamoja. Pale tu kazi yenyewe itakapodai kitu ambacho kivinjari hakikitoi kwa uhakika, kama vile kuhifadhi saa nyingi za sauti kwenye simu, tuunde programu ya asili ya Android kwa Kotlin. Njia ya mahuluti tuiteue iwapo tuna hakika ya mtunzaji wa miaka kadhaa, si kwa sababu jina lake linavuma.

Tatu, kanuni za lugha ziandikwe kando ya msimbo wa sura. Uvuaji wa viambishi, usawazishaji wa ritifaa na ujumbe unaofuata ngeli viwe sehemu inayojitegemea, yenye mifano ya kujaribia iliyoandikwa na wanafunzi wa isimu. Hii ni kazi ya tasnifu nzuri ya shahada, na ni mchango ambao fundi asiye Mswahili hawezi kuutoa.

Nne, programu ijaribiwe kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyo mikononi mwa wanachama, bando likiwa limezimwa, kabla ya kuonyeshwa kwenye tarakilishi ya mhadhiri.

Tano, akaunti na nywila ziwe za idara, si za mtu binafsi, na kila mwaka wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wafundishwe kazi na wale wa mwaka wa nne. Teknolojia ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kufundishwa kwa muhula mmoja, hata iwe bora namna gani, haitufai.

Hitimisho

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai mnamo 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba za kukisifu Kiswahili hazijapungua. Ni jambo jema. Lakini lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kutumika, na leo sehemu kubwa ya matumizi hayo hupitia kwenye kidole kinachogusa kioo. Kila kitufe kilichoandikwa kwa Kiswahili sahihi, kila neno linaloguswa likaeleza mzizi wake, kila ngano inayosikika pasipo mtandao katika kijiji kisicho na mnara, ni hoja yenye nguvu kuliko hotuba.

Uamuzi kuhusu zana za kazi hiyo unafanywa sasa hivi, tukiwepo au tusipokuwepo. Tusikubali tena kuitwa mwishoni, programu ikiwa imeshaundwa, ili tutafsiri vitufe. Tuwepo siku ya kuchagua jembe, kwa sababu shamba ni letu, na wa kuvuna au kulala njaa ni sisi.